Lensi ndani ya jicho: kubadilisha siyo kuongeza

Wandugu, hapa Lumumba mutu akisikia "lensi ndani ya jicho" anawaza tu katarakti ya wazee. Pale munganga anatoa lensi ya kuzaliwa yenye ukungu, anaweka ya plastiki. Harold Ridley alianza ile kazi London mwaka 1949. Lakini kijana mwenye haoni mbali kabisa, ao karibu, anaweza kuongezewa lensi nyembamba mbele ya yake. Sisi wa agronomia tungesema: moja ni kung'oa mti na kupanda mwingine, nyingine ni kuuwekea nguzo. Nguzo inaweza kutolewa.

Chunga: jicho lenye halioni mbali ni refu, na linabaki refu hata kisha operesheni. Retina yake inaweza kuchanika. Ukiona miali ya ghafla, kimbia kwa munganga siku ile ile.