Mbio ndefu na jua la mwezi wa kumi

Ndugu mfanyakazi, vijana wengi wa makambi yetu wanapenda mbio, na wengine wanajitayarisha kwa marathoni, mbio ya kilometa 42 na meta 195. Ni jambo jema, linatia nguvu moyo na mapafu. Lakini mazoezi yakianguka mwezi wa tisa na wa kumi, wakati mvua haijaanza na joto la Lubumbashi, Likasi na Kolwezi linapita nyuzi 30, inafaa ujue namna mwili unavyojipoza.

Mwili wa mtu anayekimbia ni kama moteri ya kamio inayopanda mlima: unafanya joto nyingi sana. Jasho ndilo linaloliondoa, linapokauka juu ya ngozi. Likizuizwa, joto linabaki ndani.

Sikia yaliyompata Francisco Lázaro, seremala wa Ureno. Tarehe 14 ya mwezi wa saba 1912, katika michezo ya Olimpiki kule Stockholm, alikimbia marathoni siku ya jua kali. Inasimuliwa kwamba alijipaka mafuta mazito mwilini ili jua lisimchome. Jasho halikupata njia. Alianguka karibu na kilometa ya 30, na kesho yake akafariki. Karibu nusu ya wenzake hawakufika mwisho siku ile. Basi wewe unayevaa koti ya nailoni, ao unayejifunga plastiki tumboni «ili jasho itoke mingi», unafanya kama Lázaro. Uzito unaopungua ni maji tu, ukinywa, unarudi.

Habari njema ni kwamba mwili unajifunza joto. Unataka siku 10 hadi 14. Waganga wa mashimo ya zahabu ya Afrika ya Kusini walilijua zamani: kwa miaka mingi walizoeza watu wapya kidogo kidogo katika joto, mbele ya kuwashusha chini. Fanya hivyo na wewe. Siku ya kwanza kimbia dakika 20, polepole, kisha ongeza kidogo kila siku. Utaona jasho linaanza mapema, na chumvi yake inapunguka. Lakini ukikaa konji mwezi mzima bila kukimbia, mazoea hayo yanapotea. Ukirudi, anza tena kwa dakika 20, hata kama marafiki wanakucheka.

Kazi nayo uihesabu. Mtu aliyetoka zamu katika shimo la joto, ao karibu na tanuru, amekwisha kupoteza maji mengi. Asikimbie saa ileile. Afazali alale, akimbie asubuhi jua likiwa halijapanda. Mwenye homa ya malaria ao kuhara asikimbie hata kidogo, mpaka apone vizuri.

Unywe ukisikia kiu. Usijilazimishe kumaliza bidoni nzima: maji yakipita kiasi, chumvi ya damu inapunguka, na katika marathoni watu wamekwisha kufa kwa sababu hiyo. Na pombe haihesabiwi kama maji, hata ikiwa baridi namna gani.

Na wewe mama wa nyumba, jua alama hizi. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika: aache mbio, akae kivulini, anywe kidogo kidogo. Lakini akianza kusema maneno yasiyo na maana, ao kuyumba kama mlevi, maisha yake iko hatarini. Tuma mtu mbio kwa dispensari. Wakati huohuo mvue nguo, mtie katika beseni kubwa la maji baridi. Kama halipo, mmwagie maji mwili mzima na mpepee bila kuacha. Usingojee gari ifike ndipo uanze kumpoza. Akizimia, mlaze kwa upande, endelea kummwagia maji, na usimnyweshe kitu chochote.