Kivinjari Chepesi kwa Kompyuta Kuukuu

Matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, steshenari za Ngamiani na Chumbageni, Tanga, hujaa wazazi na vijana wanaotaka kuangalia na kuchapa. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani ni kazi ya kupigiwa mfano: kwa miaka mingi zimeandikwa kwa HTML tupu. Unabofya jina la shule, iwe Galanos au Usagara, linafunguka jedwali la namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja na masomo. Hakuna video wala matangazo ya kuruka-ruka. Ukurasa kama huo unafunguka hata mtandao ukiwa hafifu. Kinachokwama ni kompyuta yenyewe, yenye RAM ya gigabaiti 1, inapolazimika kubeba kivinjari kikubwa kwa ajili ya kusoma jedwali moja.

Kwa mashine za namna hii mimi hupendekeza Dillo. Ilianzishwa Desemba 1999 na Jorge Arellano Cid wa Chile, ikiwalenga watu wenye kompyuta dhaifu na intaneti ya taratibu. Toleo la 3.0.5 lilitoka mwaka 2015, kisha mradi ukanyamaza karibu miaka 9, mpaka Rodrigo Arias Mallo alipoufufua na kutoa toleo la 3.1.0 Mei 2024. Kwenye Debian unaipata kwa amri moja: apt install dillo.

Siri ya wepesi wake ni kwamba haiendeshi JavaScript kabisa. Ukurasa wa kawaida wa tovuti siku hizi unazidi megabaiti 2, na maandishi uliyoyafuata ni sehemu ndogo sana ya mzigo huo. Sehemu kubwa ni picha, na programu za JavaScript ambazo kompyuta yako inalazimika kuziendesha. Dillo inachukua maandishi, majedwali na picha, basi. Vidakuzi navyo vimezimwa tangu mwanzo, mpaka uviruhusu mwenyewe. Chini pembeni kuna kidude kinachohesabu makosa ya HTML. Ukikibofya kinakutajia mistari yenye kasoro. Mwalimu wa kompyuta hapaswi kukikosa darasani.

Ila sehemu ninayoipenda zaidi ni namna ya kuiongezea Dillo uwezo. Viendelezi vya Dillo huitwa dpi. Kila kimoja ni programu ndogo inayojitegemea nje ya kivinjari, na unaweza kuiandika kwa lugha yoyote, hata kwa skripti ya kawaida ya Linux. Kikiharibika, kivinjari kinaendelea na kazi.

Tuchukue mahitaji ya huku kwetu. Mvuvi wa Kigombe au Moa anataka kujua bamvua inaanza lini na maji yatakupwa saa ngapi. Weka jedwali la mwaka la maji ya bandari ya Tanga kwenye faili la maandishi. Kisha, ndani ya folda ~/.dillo/dpi, fungua folda iitwayo maji, na humo uweke skripti yenye jina maji.filter.dpi. Skripti inasoma tarehe ya leo, inatafuta mstari wake kwenye jedwali na kuurudisha kama ukurasa wa HTML. Ipe ruhusa ya kuendeshwa, andika dpidc stop ili msimamizi wa viendelezi aanze upya, halafu fungua dpi:/maji/. Dillo huja na mfano uitwao hello. Unakili huo kuliko kuanza na karatasi nyeupe.

Jedwali likiwa ndani ya kompyuta, halihitaji bando. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti kuyumba nchi nzima, ukurasa kama huo ungefunguka kama siku nyingine yoyote.

Mipaka ipo, na lazima isemwe. Huduma za benki, maombi ya mikopo ya elimu ya juu na fomu nyingi za serikali hutegemea JavaScript, kwa hiyo acha kivinjari kikubwa kibaki kwa kazi hizo. Wenye simu tu wanaijua Opera Mini, iliyosambazwa duniani tangu 2006. Hiyo hupunguza uzito kwa kupitisha kurasa kwenye seva zake kwanza. Inaokoa bando kweli, lakini katika hali ya kubana sana, seva hizo zinaona unachokisoma na unachokiandika. Nywila ya benki usiipitishe huko.

Kwenu mnaotengeneza tovuti za shule, hospitali na halmashauri za Mkinga, Pangani na Muheza: kabla ya kuziweka hewani, zifungueni kwenye Dillo. Tangazo la nafasi za kazi au ratiba ya kliniki isiposomeka humo, irudisheni mezani ikaandikwe upya.