Mazoezi ya Kujihami kwa Wazee: Miguu Imara, Sauti Yenye Nguvu

Kila aliyekulia Tabora amesikia habari za wapagazi. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku bara hadi Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi hiyo ikaisha. Vitukuu vya wapagazi hao ndio wazee wetu wa leo. Tunapowatembelea, wengi wanalalamika kwamba miguu haina nguvu tena. Akina bibi wanaoishi peke yao wana hofu nyingine, nayo huisema kwa sauti ya chini: kuvamiwa usiku.

Katika makala hii tunaeleza jinsi mazoezi ya kujihami, kama karate na taichi ya Wachina, yanavyoweza kuwasaidia wazee, na pia mahali ambapo msaada huo unakoma.

Mfano wa Korogocho

Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, akina bibi walikuwa wakivamiwa na kubakwa na vijana. Katika miaka ya 2000 walianza kufundishwa kujihami, katika vikundi vinavyojulikana kama Shosho Jikinge. Walijifunza kupiga kelele ya "Hapana!" kutoka tumboni, kumpiga mshambuliaji puani kwa kiganja, kisha kukimbilia kwenye watu. Lengo si kushinda pambano, bali kupata nafasi ya kuondoka.

Umri si kizuizi. Gichin Funakoshi, aliyeieneza karate nchini Japani, alifariki mwaka 1957 akiwa na miaka 88, na alifundisha hadi uzeeni.

Faida kwa afya

Kwa mzee, adui wa kila siku ni kuanguka. Anayevunjika nyonga kijijini, mbali na hospitali, mara nyingi hainuki tena. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 108, zilizohusisha watu zaidi ya 23,000 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa asilimia 23, na yaliyofaa zaidi ni yale ya kujenga uwiano wa mwili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wazee kufanya mazoezi ya uwiano na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki.

Mazoezi ya kujihami yana mambo hayo yote. Mtu hukunja magoti kidogo, huhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, hugeuka bila kuyumba. Hiyo ndiyo nguvu anayoihitaji bibi kuchuchumaa chooni na kuinuka mwenyewe, kunyanyua ndoo ya maji, au kutoka kwenye kigoda jikoni. Tena mazoezi ya mara kwa mara husaidia kudhibiti shinikizo la damu na kisukari, na huleta usingizi mzuri.

Yasiyowezekana kwa karate

Katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, akina mama wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Wengine walishukiwa kwa sababu ya macho mekundu, ambayo hutokana na moshi wa kuni na samadi wa miaka mingi. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna ugomvi wa shamba au urithi. Tuseme wazi: hakuna pigo litakalomwokoa bibi mbele ya watu wenye mapanga. Kinachomlinda ni majirani, viongozi wa kijiji na sheria.

Hata hivyo, kikundi cha mazoezi kina faida hapa pia. Bibi anayekutana na wenzake mara tatu kwa wiki hayuko peke yake. Asipoonekana, ataulizwa. Akitishiwa, ana watu wa kuwaambia mapema. Na vijana wanaomwona akifanya mazoezi uwanjani mchana kweupe wanamfahamu kama mtu, si kama kivuli cha nyumba ya mwisho.

Jinsi ya kuanza

• Pimeni kwanza shinikizo la damu katika zahanati.
• Tafuteni mwalimu mwenye subira. Asiwafundishe wazee kuangushana wala kupigana.
• Anzeni kwa dakika 15 asubuhi, kabla ya jua kali, chini ya mwembe. Mwenye miguu dhaifu ashike kiti.
• Anayesikia kizunguzungu au maumivu ya kifua aache mara moja na apelekwe kwa mganga wa zahanati.
• Malizeni kwa mazungumzo, na mkubaliane nani atamtembelea ambaye hakufika.

Gharama yake ni ndogo: uwanja, kiti na saa chache za wiki. Tunazishauri sharika na vikundi vya wazee vijaribu. Kinga ni bora kuliko tiba.