Chupa ya nusu lita dhidi ya gunia: mkulima apige hesabu

MKULIMA wa ngano au mpunga nchini India anaweza kuchagua kati ya aina mbili za urea. Moja huuzwa kwenye gunia la kilo 45, nyingine ni ya maji, katika chupa ya mililita 500. Ushirika wa mbolea wa IFFCO, uliozindua urea hiyo ya nano mwaka 2021, ulitangaza kuwa chupa moja yaweza kuchukua nafasi ya gunia zima.

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kwa mujibu wa watengenezaji, chembe ndogo kiasi hicho hupenya kwenye jani, hivyo mbolea haioshwi na mvua wala kupotea hewani kama inavyotokea kwa urea ya kawaida.

Hata hivyo, hesabu inaleta utata. Urea ya kawaida ina naitrojeni asilimia 46, hivyo gunia moja lina takriban kilo 20.7. Chupa zilizozinduliwa zilikuwa na asilimia 4, yaani gramu 20 tu. Tofauti ni zaidi ya mara elfu moja.

Mwaka 2023, Max Frank na Søren Husted wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, walihoji madai hayo. Majaribio ya miaka miwili ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Punjab nayo yalionyesha mavuno ya ngano yakishuka kwa asilimia 21.6 na ya mpunga kwa asilimia 13. IFFCO imeendelea kuitetea bidhaa yake.

Hii haina maana kwamba teknolojia ya nano haifai. Mwaka 2017, watafiti wa Sri Lanka, akiwemo Nilwala Kottegoda, waliripoti kufungasha urea katika chembe za madini ya kalsiamu na fosforasi, yanayofanana na ya mifupa. Urea hiyo iliyeyuka polepole, na katika shamba la mpunga kiasi chake kilipunguzwa kwa nusu.

Tofauti iko wazi: huko mbolea ilizuiwa isipotee, si kugeuzwa matone. Kunyunyizia majani hufaa zaidi kwa virutubisho ambavyo mmea huvihitaji kidogo, kama zinki. Kwa naitrojeni, mkulima mwenye udongo uliochoka asome kwanza lebo, ajue anapata gramu ngapi, kisha ajaribu kwenye kipande kidogo kabla ya kuacha gunia.