Shinikizo la Moshi katika Injini za Dizeli Zenye Tabo

Tangu mwaka 1989, kampuni ya Dodge ya Marekani ilipoitia ndani ya pikapu zake injini ya dizeli ya Cummins yenye silinda 6, ujazo wa lita 5.9 na nguvu za farasi 160, wenye magari hayo wamekuwa na ada ya kuiongezea nguvu kuliko alivyoikadiria mtengenezaji. Na aghalabu mizani yao ni geji moja tu, ile ya shinikizo la hewa iingiayo, ambayo mshale wake ukipanda hufurahi, wakadhani kazi imekamilika. Geji hiyo haisemi uongo, lakini husema nusu ya habari.

Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi aliyepata hataza ya fikra ya tabo mwaka 1905, aliona kwamba moshi utokao hupotea bure pamoja na nguvu zake, na kwamba waweza kutumikishwa kuishindilia hewa ndani ya silinda. Ndivyo ifanyavyo tabo: moshi huzungusha gurudumu moja, na gurudumu hilo, kwa kuwa limeunganishwa kwa mhimili na la pili, yaani feni ya hewa, huizungusha feni hiyo. Lakini moshi haufanyi kazi hiyo pasina malipo. Ili upite katika njia nyembamba ya tabo, sharti kwanza ujazane ndani ya manifoldi, yaani bomba la kukusanyia moshi, na shinikizo la kujazana huko ndilo litakiwalo kupimwa.

Hewa ikiwa na ratili 30 kwa kila inchi ya mraba, na moshi nao ratili 30, mafundi huridhika kabisa. Moshi ukifika 45, injini ya kazi huvumilia. Ukifika 60, yaani mara mbili ya hewa, madhara huwa dhahiri. Pistoni, badala ya kuutoa moshi kwa wepesi, hulazimika kuusukuma kwa nguvu, na nguvu hiyo hukatwa katika ile iliyokusudiwa magurudumu ya gari. Moshi usiotoka hubaki silindani, ukachukua nafasi ya hewa safi, na joto likazidi. Kisha kuna valvu ya kutolea moshi: yenye uso wa inchi 2 za mraba husukumwa kutoka nyuma kwa ratili 120, na springi dhaifu ikishindwa kuizuia, hufunguka wakati usiokuwa wake.

Wala si haki kumlaumu mtengenezaji kwa kuchagua tabo ndogo, maana ndiyo iamkayo upesi gari linapoanza kuvuta tela zito, ilhali kubwa huchelewa, na katika kuchelewa kwake injini hutoa moshi mweusi. Ubaya huja pale mtu anapoongeza mafuta mengi juu ya tabo ile ile, kisha akakiziba kilango cha pembeni kilichowekwa kupunguza moshi uingiao katika tabo: hewa huongezeka kidogo, shinikizo la moshi likapanda kupita kiasi. Injini za baadaye, zirudishazo sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupunguza uchafuzi, zina hukumu yake, kwani humo moshi hufanywa makusudi uizidi hewa, la sivyo usingerudi. Kuzipima kwa kanuni ya sawa kwa sawa ni kuzidhulumu.

Kupima si taklifu kubwa. Manifoldi hutobolewa kabla ya tabo, ukafungwa mrija wa chuma uliozungushwa mara kadhaa ili moshi, ambao joto lake laweza kupita nyuzi 600 za Selsiasi, upoe kabla ya kufika kwenye geji. Kisha geji zote mbili husomwa kwa pamoja gari likiwa na mzigo na likipanda mlima, wala si likinguruma limesimama. Mwenye kutaka nguvu zaidi na aifunge geji hii ya pili kabla ya kununua nozeli kubwa za mafuta, na akikuta moshi umeshafika mara mbili ya hewa, fedha yake aipeleke kwenye tabo.