Fedha za wakala zikiibwa kwa simu, nani alipe?

Vibanda vingi vya uwakala wa fedha hapa Gwarama, na hata Kibondo na Kasulu mjini, vinaendeshwa kwa namna moja. Mwenye mtaji yuko shambani au kwenye shughuli nyingine, kibandani amekaa kijana wa mshahara, na namba ya siri wanaijua wote wawili, pengine na shemeji. Siku floti ikikutwa imepungua laki tatu, anayekatwa mshahara ni kijana. Je, ni haki?

Tuanze na kampuni ya simu. Ni kazi yake kulinda mitambo yake na kumhakiki kwa alama za vidole mtu anayekuja kurudisha laini iliyopotea. Ikimpa laini yako mtu mwingine, mzigo ni wake, na ikikataa kukusikiliza unaweza kupeleka malalamiko Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Lakini kampuni haina haja ya kukuuliza namba yako ya siri. Ukimtajia mtu aliyejiita "huduma kwa wateja", kwenye mitambo yao muamala huo unaonekana umeufanya wewe mwenyewe, na kurudishiwa fedha inakuwa kazi ngumu.

Ugumu huongezeka kwa laini za kukodi. Wapo wanaofanya uwakala kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, labda aliyehamia Kahama zamani. Fedha zikiibwa, kampuni inamtambua yule aliyesajiliwa. Wewe mwenye mtaji huwezi hata kuomba laini ifungwe.

Polisi nao wana sehemu yao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawapa nguvu ya kumsaka tapeli, kwa hiyo nenda kituoni ukachukue RB. Ila kumkamata tapeli ni jambo moja, kuipata fedha ni jambo jingine.

Sasa turudi kwa kijana wa kibandani. Wizi wa kawaida kwa wakala hauhitaji utaalamu wowote: mteja anaonyesha ujumbe kwamba ametoa fedha, foleni ni ndefu, kijana anahesabu noti na kumpa. Ujumbe ule uliandikwa na mtu, ukatumwa kutoka namba ya kawaida. Dawa yake ni kutazama salio la uwakala kabla ya kugusa noti, hata kama mteja ananuna. Kama kijana alifundishwa hivyo akapuuza, ana la kujibu. Kama hakufundishwa, kwa maoni yetu mwenye duka ndiye wa kubeba hasara. Na mwajiri aliyegawa namba moja ya siri kwa watu watatu hana msingi wa kumkata mmoja wao, maana hakuna awezaye kuonyesha nani aliitumia. Iulize kampuni yako kama msaidizi anaweza kupewa namba yake ya siri.

Kuna na daftari lile linaloachwa wazi mezani, lenye majina, namba za simu na kiasi alichotoa kila mtu. Tapeli anayejua kwamba jana ulipokea fedha za maharage anaaminika upesi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kwenye kibanda, mtu huyo ni mwenye duka, si kampuni.

Ukiibiwa, usianzie kituo cha polisi. Piga 100 kwanza ukiomba muamala uzuiwe, kwa sababu fedha ikishatolewa kwa wakala mwingine haizuiliki tena. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040, kisha utaje namba iliyoutuma. Na leo, kabla hujafunga duka, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda nayo kwa kampuni husika ifutwe.