Ifahamu Kazi ya Msajili wa Saratani na Namna ya Kuianza

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

Mkazi wa Mlandizi anapougua saratani, safari yake ya matibabu mara nyingi hupita katika vituo vitatu au zaidi. Huanzia kituo cha afya kilicho karibu naye, hufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, Tumbi, mjini Kibaha, kisha huendelea hadi Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Saratani Ocean Road na Hospitali ya Taifa Muhimbili hutoa huduma za kibingwa. Katika kila kituo hufunguliwa jalada jipya. Mwisho wa mwaka Taifa linapotaka kujua idadi ya wagonjwa wapya, mgonjwa huyo atahesabiwa mara ngapi, na atahesabiwa kuwa mkazi wa wapi?

Mtumishi mwenye dhamana ya kujibu swali hilo ni msajili wa saratani. Makala hii inaeleza kazi yake, umuhimu wake kwa wananchi na njia ambayo kijana wa Kibaha, Kisarawe au kwingineko nchini anaweza kuifuata ili kuianza.

Msajili wa saratani ni nani?

Msajili wa saratani hatibu wala hatoi dawa. Kazi yake ni kukusanya taarifa za kila mgonjwa mwenye saratani, kuzisoma kwa makini, kuzipa alama za kitaalamu zinazotumika duniani kote na kuzihifadhi katika rejista.

Rejista hiyo haichukui nafasi ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, unaotumika katika vituo vyote. MTUHA hutoa jumla ya huduma na mahudhurio. Mgonjwa akihudhuria mara sita, kituo kimetoa huduma mara sita. Katika rejista ya saratani, mgonjwa huyo huyo mwenye uvimbe mmoja ni mmoja tu, hata kama alipita katika hospitali nne.

Afrika Mashariki ina historia ndefu katika kazi hii. Rejista ya Kampala nchini Uganda imekuwapo tangu miaka ya 1950. Hapa nchini, Rejista ya Saratani ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1998 katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi. Zipo pia rejista za Dar es Salaam na Mwanza.

Hatua za kazi

Hatua ya kwanza ni kutafuta. Msajili hasubiri taarifa zimfikie mezani. Hupitia vitabu vya maabara ya patholojia, wodi, kliniki, vyumba vya upasuaji na kumbukumbu za vifo.

Hatua ya pili ni kudondoa kutoka katika jalada mambo yanayohitajika: jina, umri, jinsi, makazi, tarehe ya ugonjwa kugundulika, mahali saratani ilipoanzia, aina yake, hatua iliyofikia na njia iliyotumika kuithibitisha.

Hatua ya tatu ni kuweka alama. Mlango wa kizazi, kwa mfano, huandikwa C53 na tezi dume C61. Aina ya chembe hupewa tarakimu nne, kisha mkwaju na tarakimu moja inayoonesha tabia ya uvimbe: 0 ni uvimbe usio saratani, na 3 ni saratani iliyokwisha kupenya. Hapa ndipo umakini unapohitajika zaidi. Daktari anaweza kuandika kwamba mgonjwa ana saratani katika ini, ilhali majibu ya patholojia yanaonesha kuwa ilianzia kwenye utumbo mpana na kusambaa. Msajili huandika utumbo mpana, kwa kuwa rejista huhesabu saratani mahali ilipoanzia.

Hatua ya nne ni kuondoa marudio. Mtu mmoja anaweza kuandikwa Athumani katika hospitali moja, Athuman katika ya pili na Othman katika ya tatu. Programu ya kompyuta iitwayo CanReg5, inayotolewa bila malipo na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), huonesha majina yanayofanana, lakini uamuzi wa mwisho ni wa msajili baada ya kulinganisha umri, makazi na majibu ya vipimo.

Hatua ya tano ni kufuatilia iwapo mgonjwa yu hai au amefariki. Bila taarifa hiyo haiwezekani kujua ni wagonjwa wangapi wanaishi miaka mitano baada ya kugundulika.

Kwa nini anwani ya mgonjwa ina uzito

Kwa mkoa kama Pwani, kipengele kinachohitaji uangalifu wa pekee ni makazi. Mgonjwa anayetoka Kisarawe au Kibaha kwenda kutibiwa Dar es Salaam mara nyingi hufikia kwa ndugu. Akiulizwa anakoishi, hutaja Kimara, Mbezi au Gongo la Mboto, kwa kuwa ndiko anakolala wakati wa tiba. Kanuni ya usajili, hata hivyo, ni kuandika makazi yake ya kawaida kabla ya ugonjwa kugundulika.

Majina ya maeneo nayo huleta utata. Ipo Masaki ya Wilaya ya Kinondoni, na ipo kata ya Masaki katika Wilaya ya Kisarawe. Jina la Kiluvya nalo hutumika pande zote mbili za mpaka wa Pwani na Dar es Salaam. Msajili anayeifahamu jiografia ya eneo lake atauliza swali la ziada kabla ya kuandika.

Athari ya kosa hilo inaweza kupimwa. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Pwani una wakazi zaidi ya milioni 2, na Dar es Salaam zaidi ya milioni 5.3. Tuchukulie mfano kwamba wagonjwa 100 wa Pwani wameandikwa kuwa wa Dar es Salaam. Kiwango cha Pwani kitapungua kwa takribani wagonjwa 5 katika kila watu 100,000. Mpangaji wa huduma akisoma takwimu hizo ataona mkoa wenye mahitaji madogo kuliko yaliyopo, na mahitaji hayo ndiyo huongoza maombi ya wataalamu, vifaa vya uchunguzi na dawa.

Kitaifa, IARC ilikadiria kuwa mwaka 2020 Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000 vitokanavyo na saratani. Hayo ni makadirio, kwa kuwa rejista zilizopo hazijafikia nchi nzima. Kadiri rejista zinavyoongezeka na kuwa sahihi, ndivyo makadirio yanavyoukaribia ukweli.

Mfano mwingine ni chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Msichana aliyechanjwa mwaka huo atatimiza miaka 30 mwaka 2034. Manufaa ya chanjo hiyo yatathibitishwa na rejista, na kijana anayeanza kazi ya usajili sasa anaweza kuwa miongoni mwa watakaoyaandika.

Namna ya kuanza

Nchini Marekani wasajili wa saratani wana mtihani na cheti chao cha kitaaluma. Kwa hapa nchini, mtu kwa kawaida huingia akiwa na taaluma nyingine ya afya, kisha hupata mafunzo ya usajili akiwa kazini. Taaluma zinazoelekea huko ni kumbukumbu na taarifa za afya, utabibu, uuguzi, maabara na takwimu.

Kijana anayetaka njia hii anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, achague kozi ya afya au takwimu katika chuo kinachotambuliwa. Wakazi wa Kibaha wana Chuo cha Afya na Sayansi Shirikishi kilicho chini ya Shirika la Elimu Kibaha. Kozi zinazotolewa na sifa za kujiunga zihakikiwe katika mwongozo wa udahili wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET).

Pili, ajenge msingi katika baiolojia, hasa viungo vya mwili, na katika Kiingereza, kwa kuwa ripoti za patholojia huandikwa kwa lugha hiyo.

Tatu, azoee kompyuta na atumie mafunzo ya mtandaoni ya usajili wa saratani yanayotolewa na IARC bila malipo.

Nne, afuatilie matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia mfumo wa Ajira Portal. Nafasi za utumishi wa umma haziuzwi, hivyo anayedai fedha ili kumpatia mtu kazi aripotiwe katika vyombo vinavyohusika.

Wajibu wa kutunza siri

Msajili husoma mambo ambayo pengine hata familia ya mgonjwa haiyajui. Maadili ya taaluma na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 vinamtaka azitunze taarifa hizo. Takwimu zinazotolewa kwa umma huwa ni za jumla, bila jina la mtu.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mgonjwa au ndugu anayemsindikiza anaombwa kutumia majina yale yale katika kila hospitali, na anapoulizwa makazi ataje kijiji au mtaa, kata na wilaya anakoishi siku zote. Anayetoka Maneromango aseme Maneromango, hata kama kwa wiki hizo analala Gongo la Mboto.